Kidhibiti Kilichokumbuka

Nilifundisha hisabati kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikumpa alama mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia. Jibu lisilo na njia ni uvumi, hata likitokea kuwa sahihi. Tabia hiyo sikuiacha shuleni. Nilipostaafu nikajenga Maisaka, hapa Babati, na wakulima wanaotumia mfereji wa Mutuka wakaja kuniomba niwaandikie programu ya kugawa zamu za maji, nilikubali kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kusikia neno “nasikia”. Nasikia fulani kafungua maji ya mwenzake. Nasikia orodha imebadilishwa. Kila msimu ugomvi ulikuwa uleule, na hapakuwa na mtu mwenye ushahidi wa lolote.

Programu niliiandika kwa Java, lugha niliyojifunza nikiwa bado kazini, juu ya kiunzi cha zamani ambacho mafundi wa siku hizi wanakicheka. Kiunzi ni programu iliyokwisha kujengwa nusu na watu wengine. Inakuamulia umbo la kazi yako, nawe unaandika yale yanayokuhusu. Kiunzi changu kiliigawa kazi mara tatu. Sehemu ya kwanza ni modeli, ambamo ukweli unakaa: mkulima gani, shamba gani, siku gani, saa ngapi, pamoja na sheria zinazokataza watu wawili kupewa saa moja. Sehemu ya pili ni mwonekano, yaani ukurasa unaofunguka mbele ya macho ya mtu. Mwonekano haujui kitu, unaonyesha ulichopewa. Katikati yake kuna kidhibiti. Ombi linapofika, hupita kwenye mlango mmoja ambao ni wa wote, kisha hutazamwa katika orodha ya njia ili ijulikane ni la kidhibiti gani. Kidhibiti hicho hulipokea, huipelekea modeli, na jibu likirudi huchagua ukurasa wa kulionyesha. Baada ya hapo kazi yake imekwisha.

Niliupenda mgawanyo huo kwa ukali wake. Hakuna sehemu inayoruhusiwa kuingilia ya mwenzake. Nilidhani kwamba mtu akiujenga mfumo wa namna hiyo kwa uangalifu, maneno ya vijiweni yatakosa pa kuingilia.

Mfereji wetu una makarani wawili. Wa upande wa juu ni mkulima mwenyewe, mcheshi kupita kiasi, na kompyuta yake ndogo anaiweka kwenye kibanda kilicho karibu na banio, mahali maji yanapokingwa mtoni na kuingizwa mferejini. Wa upande wa chini ni mwenye duka, Mwislamu mtaratibu ambaye babu yake alifika Babati na bidhaa kutoka pwani. Yeye huweka kompyuta juu ya kaunta, kati ya mzani na sabuni. Kila Jumatatu asubuhi wakulima huwaendea, wengine kuthibitisha zamu zao, wengine kuzikabidhi kwa wenzao, kwa wiki moja au kwa msimu mzima. Makarani huandika majina, kisha huyatuma kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yangu.

Mwanzoni mwa msimu huu pande mbili hizi ziligombana. Wa chini walisema wa juu hutuma majina kwanza, hivyo hujichagulia asubuhi na kuwaachia wenzao jua la saa saba. Wa juu walisema hivyohivyo juu ya wa chini. Mkutano ulikwenda tangu saa tatu hadi watu walipokumbuka kwamba hawajala, na mimi, kwa kutaka tu kurudi nyumbani nikalale, nikatoa uamuzi: makarani wote wawili watume pamoja, jozi kwa jozi, jina moja la juu na jina moja la chini, wakiwa wanasikilizana kwenye simu. Asiwepo wa kwanza. Watu walipiga makofi.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu ukipita pale dukani ungemsikia mwenye duka, simu ikiwa begani, akihesabu kwa sauti ya mtu anayesoma dua.

“Umeshaandika?”

“Nimeshaandika, Sheikh. Nimekaa mkao wa mbio.”

“Usitangulie.”

“Nitangulie niende wapi? Maji yenyewe yapo huku kwangu.”

“Moja. Mbili. Haya!”

Na vidole viwili vilishuka kwa pamoja, kilometa kadhaa kutoka kimoja hadi kingine. Mahali pengine watu wangeona ni mchezo. Kwetu ilikuwa haki, na ilikuwa haki niliyoitunga mimi.

Ijumaa moja akaja kwangu mama mmoja wa upande wa chini, mjane, mwenye nusu ekari ya vitunguu. Nilimfundisha zamani, na alikuwa miongoni mwa wachache walioonyesha njia. Alisimama mlangoni bila kuketi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

“Sikai. Jana ilikuwa zamu yangu, saa mbili hadi saa sita. Nimefika shambani, nikakuta maji yameelekezwa kwa yule bwana aliyetoka Hanang. Mgawa maji ananionyesha karatasi. Karatasi inasema nimemkabidhi zamu yangu hadi mwisho wa msimu. Mimi sijamkabidhi mtu yeyote kitu chochote.”

Nikafungua kompyuta. Ukurasa ulisema wazi: zamu ya Alhamisi, kutoka kwake kwenda kwa bwana yule, msimu mzima, ombi limepokelewa Jumatatu. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe.

“Mfumo huu haubuni,” nikamwambia. “Kilichomo kimeingizwa na mtu.”

“Basi kaingiza nani?”

“Karani wako, kwa maneno yako.”

“Mwalimu, miche nimeihamisha wiki iliyopita. Ina mizizi ya urefu wa kucha. Isipopata maji Alhamisi ijayo, hakuna kitunguu.”

Nilimjibu kwamba zamu iliyokabidhiwa hurudishwa kwa ridhaa ya aliyepokea, na kwamba hiyo ndiyo sheria tuliyoipitisha sote. Nilisema maneno hayo bila kupandisha sauti. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo katika umri wake na wangu si dogo.

Kesho yake nilipokwenda dukani kununua betri ya redio, nilikuta habari imeshaiva. Bwana wa Hanang alikuwa mfugaji wa ng’ombe huko tambarare kabla ya kuhamia kwetu na kuanza kulima. Ni mtu mrefu, hana mke, na husema maneno machache. Hayo yalitosha.

“Vitunguu vya nini tena?” mtu mmoja alisema akiegemea kaunta. “Mwenzenu analetewa ng’ombe.”

“Maji ndiyo barua ya uchumba siku hizi,” akasema mwingine, na kicheko kikapanda hadi kwenye mabati.

Mwenye duka hakucheka. “Acheni,” alisema. “Jumatatu mama yule alikuja hapa akathibitisha. Mimi ndiye niliyeandika.”

“Uliandika kuthibitisha au kukabidhi?” nikamuuliza.

“Kuthibitisha, Mwalimu. Ninavyokumbuka.”

Nilishika neno hilo la mwisho na kuliacha hilo la kwanza. Kumbukumbu ya mtu, nilijiambia, haiwezi kushindana na kumbukumbu iliyoandikwa. Nikalipia betri nikaenda zangu. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo yalivyokuwa: nilikuwa nawadharau wale wa kaunta kwa kuamini uvumi, na mimi nilikuwa nimeamini jambo lilelile, isipokuwa langu lilitoka kwenye kioo.

Jumatatu makarani walihesabu wakatuma. Jina la mama yule halikuwa kwenye orodha, kwa kuwa mfumo haumkubali mtu asiye na zamu. Jumanne akarudi. Safari hii aliketi. Akafungua kanga akatoa miche mitatu ya vitunguu, majani yamelala, ncha zimekuwa rangi ya majani ya chai. Akaipanga mezani juu ya karatasi zangu.

“Sikuja kulia,” alisema. “Nimekuja kukuuliza swali, kama ulivyokuwa ukituuliza. Wewe umesoma ukurasa. Ukurasa unajua?”

Nikageukia kioo tena.

“Ulitufundisha kwamba aliyenakili jibu hajui njia,” akaendelea. “Huo ukurasa umenakili wapi? Umekwenda kuona huko uliponakili, au umeishia kwenye ukurasa?”

“Modeli inasema vilevile,” nilisema. “Nimekwisha kuangalia.”

“Nayo iliambiwa na nani?”

Nilichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyekuwa ameusukuma mlango ambao ulipaswa kuvutwa. Nilikuwa nimeitazama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ya katikati sikuitazama, kwa sababu niliiandika mwenyewe. Nikamwomba aniachie siku moja. Akaniambia siku ni moja kweli, kwa kuwa keshokutwa ni Alhamisi.

Jumatano asubuhi nilipanda bodaboda nikaenda kwa bwana wa Hanang. Katika wiki nzima ya maneno hayo hakuna aliyekuwa amemuuliza, nami nikiwamo. Nilimkuta akipalilia mahindi, jembe lake likiwa bado na ugeni mkononi. Alinisalimu kwa heshima, akasikiliza, kisha akaegemea mpini.

“Mimi sikuomba maji ya mama,” alisema. “Niliomba ya mzee yule jirani yangu, aliyepelekwa kwa mwanawe kutibiwa. Aliniambia nitumie Jumanne zake mpaka msimu uishe. Nikaenda kwa karani wa juu, akaandika. Karatasi ikaja, ikasema Alhamisi. Nikadhani wakubwa mmebadilisha.”

“Mbona hukusema?”

“Nani ameniuliza, Mzee? Na mimi hapa ni mgeni. Mgeni akipewa siku hasemi nataka nyingine.”

“Mzee alithibitisha Jumanne zake za msimu mzima kabla ya kuondoka. Zinakwenda wapi?”

Akanyoosha mkono. Ng’ambo ya mfereji mdogo kulikuwa na shamba lisilolimwa, majani yamefika magotini, mabichi kabisa. Maji yalikuwa yameingia humo Jumanne mbili, masaa manne kila mara, yakinywesha magugu kwa utaratibu wote wa kisheria.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la matukio, yaani faili ambamo mfumo huandika kila ombi linapogonga mlango, kabla halijapelekwa popote. Nilitafuta Jumatatu ile ya kwanza. Niliona maombi mawili yakifuatana bila hata sekunde kati yake. Kutoka juu: mzee mgonjwa anamkabidhi bwana wa Hanang, msimu mzima. Kutoka chini: mama anathibitisha Alhamisi. Moja, mbili, haya. Maombi mawili yameingia safi kabisa, kila moja na jina lake. Mlangoni hapakuwa na kosa. Kwenye modeli kosa lilikuwa limeshaandikwa. Kwa hiyo lilitokea katikati.

Nikafungua kidhibiti. Sikuhitaji kusoma zaidi ya mistari kumi.

Nitalieleza kwa kadiri ninavyoweza, kwa kuwa ni jambo ambalo kila anayetumia kiunzi cha aina hii huambiwa mapema, na mimi niliambiwa. Mtu hudhani kwamba kila ombi hupata kidhibiti chake. Sivyo. Kiunzi hutengeneza kidhibiti kimoja tu cha kila kazi, na hicho kimoja huhudumia watu wote, hata wakija kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hakiruhusiwi kuweka chochote cha mtu. Jina la mkulima linapaswa kupita kutoka kitendo hadi kitendo ndani ya kidhibiti, likitolewa hapa na kupokewa pale, na likifika kwenye modeli pasibaki chochote nyuma. Mimi nililitangazia jina hilo kigeu, yaani kisanduku cha kulishikia, juu kabisa, nje ya vitendo vyote, mahali ambapo kila ombi linapaona. Vitendo vilikuwa vinne, na nilikuwa nimechoka kulipitisha jina mara nne. Nakumbuka siku yenyewe. Macho yalikuwa yanauma, nikajiambia makarani ni wawili tu, hawatagongana.

Kidhibiti kikawa na kumbukumbu. Ombi la juu liliweka jina la mzee. Kabla halijamaliza, ombi la chini likaweka jina la mama juu yake. Ombi la juu lilipofika kwenye kuhifadhi, lilisoma jina lililokuwapo, likaikabidhi zamu ya mama ya Alhamisi kwa mtu asiyehusiana naye. Kwa muda mrefu kosa hilo lilikaa bila kudhuru, kwa sababu makarani walikuwa hawatumi pamoja. Kisha nikawaamuru watume pamoja.

Sikuridhika kwa kusoma tu. Nilinakili programu kando, nikaweka mahali pale agizo la kusubiri kidogo, nikatuma maombi mawili ya kubuni kutoka kompyuta mbili. Yakachanganyika. Nikarudia, yakachanganyika. Nikakiondoa kigeu, nikalipitisha jina kwa mkono katika vitendo vyote vinne, nikarudia tena na tena mpaka chai ikapoa. Hayakuchanganyika. Kazi yote ya kurekebisha ilichukua muda mfupi kuliko safari ya bodaboda.

Kilichobaki kichwani ni watu wengine wawili. Mapema msimu huu walikuja kwangu kulalamika kwamba walithibitisha na majina yao hayakutoka. Wote niliwaambia wamesahau kwenda kwa karani. Mmoja aliomba radhi.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa wakulima wa mfereji nikamtaka aite watu kwenye banio Alhamisi saa moja asubuhi, kabla ya maji kugawanywa. Alifika nyumbani kwangu jioni ileile, jua bado lipo, akasikiliza yote huku akisugua magoti.

“Mwalimu, tuseme mtandao,” alisema mwishowe. “Mtandao ulisumbua. Kila mtu anauelewa mtandao.”

“Mtandao haukusumbua.”

“Najua. Lakini mtandao hauna heshima ya kupoteza. Wewe unayo. Kesho ukisimama ukasema ni wewe, keshokutwa kila aliyekosa maji tangu enzi za babu yake atakuja kusema ni kompyuta.”

“Waje. Daftari lipo.”

“Umri huu, Mwalimu!”

“Mwenyekiti,” nikamwambia, “mama yule anatajwa madukani kwa jambo ambalo hakulifanya, na ushahidi wao ni ukurasa wangu.”

Alikunywa chai akaenda.

Asubuhi walikuja watu wengi kuliko nilivyotaka. Nilisimama kwenye ukingo wa zege nikawasomea mistari miwili ya daftari, kisha nikasema kwamba kosa ni la mwandishi wa programu, na mwandishi ni mimi. Kwamba mama hakukabidhi, bwana hakuomba maji yake, na karani wa chini aliandika sawasawa. Nilisema pia kwamba wale wawili niliowaambia wamesahau hawakusahau. Sikutumia maneno modeli na kidhibiti. Nilisema tu kwamba mfumo ulishika jina la mtu mmoja ukampa mwingine, kwa sababu niliuruhusu kushika.

Karani wa juu akasema, “Kwa hiyo kuhesabu moja mbili tatu ndiko kulikotuponza?”

“Kuhesabu hakukuwa na kosa,” nilisema. “Kulilifichua kosa.”

“Basi tuendelee kuhesabu?”

“Mkitaka.”

“Tutaendelea,” alisema mwenye duka. “Nimeshazoea.”

Mmoja wa wale wawili, aliyeniomba radhi, alinyoosha mkono kama yuko darasani. “Na maji yangu ya mwezi uliopita, Mwalimu?”

“Hayarudi,” nikamjibu. Naye aliushusha mkono polepole.

Mtu yule wa kaunta, aliyekuwa na maneno ya ng’ombe, alianza kusema kitu juu ya mahari. Mama akamgeukia kabla hajafika mbali.

“Wewe endelea,” alimwambia. “Mwalimu ameeleza kosa la kompyuta. Sasa tunakusubiri utueleze lako.”

Walimcheka yeye safari hii, akajitia kukunja suruali.

Bwana wa Hanang hakungoja kuulizwa ridhaa. Alisema Alhamisi si yake, yake ni Jumanne, na akashuka mwenyewe kwenda kuufungua ukingo alioufunga. Kwenye modeli sikuufuta mstari wa uongo. Niliuacha, nikaongeza chini yake mstari wa kuubatilisha, wenye sababu na jina la aliyekosea. Mgawa maji akapewa karatasi mpya.

Saa mbili kamili maji yaliingia shambani kwa mama. Nilikwenda naye kwa sababu sikutaka kuambiwa baadaye kwamba yamefika, nilitaka kuona. Vijaruba vya mbele, vitalu vile vilivyo karibu na mfereji, vilikuwa vimekufa kabisa, na vya nyuma, chini ya kivuli cha ua la michongoma, vilikuwa bado vina ubichi shinani. Alikadiria kwa macho akasema theluthi mbili huenda zikapona. Nilianza kusema kwamba ninasikitika. Yeye alikuwa na jembe mkononi, amevua viatu, akifukuzana na maji kutoka kijaruba hadi kijaruba.

“Mwalimu, sogea,” alisema bila kuinua kichwa. “Hapo uliposimama umeyaziba.”

Nilisogea. Maji yakapita.